Bonge la Magadi Kwenye Ngao

Mwezi uliopita tulimzika Mjomba Aloyce, na nembo yangu ikapita mbele ya macho yangu kwenye migongo ya watu. Vijana wa ukoo walikuwa wamechapisha fulana nyeupe: mbele picha ya marehemu akiwa na tai yake ya kijani, nyuma ngao ya ukoo wetu iliyogawanywa robo nne. Robo ya kwanza mgomba. Robo ya pili mfereji wa maji. Robo ya tatu jembe. Robo ya nne, almasi. Nilivua miwani nikaifuta kwa ncha ya khanga, nikaivaa tena. Almasi ile ile, tena ina vimistari vya mwanga pembeni. Na chini, kwenye utepe ambao mimi niliuacha mtupu kwa sababu nitakayoieleza, palikuwa na maneno ya Kiingereza. Padri anaombea roho ya mjomba, mimi namtafuta kwa macho aliyefanya kazi hiyo. Mungu anisamehe, na mjomba pia, ingawa yeye angenielewa.

Nilimpata baada ya chakula, karibu na mapipa ya maji. Ni Brayani, mjukuu wa marehemu, kijana wa Dar, mpole, mwenye simu mbili. Akainama vizuri: "Shikamoo shangazi." Nikaitikia, nikamuuliza almasi kaitoa wapi. "Kwenye kompyuta, shangazi. Ile ya zamani ilikuwa na kitu kama kiazi, sijui yai, haikuwa na mvuto. Nikaiboresha." Nikamwambia almasi ziko Shinyanga, sisi hatujawahi kuwa nayo hata moja. Akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Hakujua kwamba lile yai lake lilikuwa jambo zito kuliko yote niliyowahi kuyashona, na kwamba kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ulioisha kwa mimi kujua kama nina kwetu au sina.

Habari za nani alimzaa nani nitaziruka, kwa sababu ndizo zilizotutia taabuni. Inatosha kusema kwamba mama yangu, Yustina, ni mdogo wake Mjomba Aloyce, kwamba alinizaa kabla ya kuolewa na baadaye hakuolewa, na kwamba alishuka Mabogini kupanda mpunga kwenye majaruba ya watu, akaniacha Mwika, juu mlimani, kwa bibi. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nadarizi beji za sweta za shule mjini Moshi, kwa mwanamke aliyeitwa Mama Felista. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, kina dirisha moja na cherehani tatu, na pasi ya mkaa iliyotufanya sote tunuke moshi hata siku za Jumapili. Mchana tulikula wali na maharage kwenye sinia moja, tukiwa tumefunika sweta kwa gazeti ili mchuzi usizifikie. Mama Felista alikuwa na methali moja tu, haba na haba hujaza kibaba, na aliitumia kwa kila jambo, pamoja na kutuongezea kazi. Mikononi mwangu zilipita ngao za shule zote za mteremko wetu, na kila shule ilitaka kitabu, mwenge na mlima. Nimeudarizi Kilimanjaro mara nyingi kuliko nilivyoutazama. Theluji yake niliijua kwa idadi ya nyuzi.

Mjomba Aloyce aliingia chumbani mle mwezi wa pili, akiwa amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amestaafu ukarani wa posta, na miaka yote ya kugonga mihuri ilikuwa imemwachia imani kwamba kitu kisicho na alama hakipo. Alisalimia kila mtu kwa cheo chake, akakalia kiti cha wateja, akanieleza kwamba ukoo umeunda kamati, kwamba Desemba watu wote watakapopanda nyumbani kutakuwa na mkutano mkubwa, na kwamba kwenye mkutano huo vitazinduliwa daftari la ukoo na nembo ya ukoo. "Kuna ukoo ng'ambo ya mto wana nembo," akasema kwa uchungu, "na hao babu yao alikuwa mchunga mbuzi wa watu. Sisi tuna damu ya mangi, damu ya kichifu." Alitaka simba. Alitaka mkuki, kiti cha mangi, na mlima bila shaka, na utepe wenye maneno ambayo kamati ingeyatunga. "Wewe ndiye fundi tuliye naye," akaniambia. Nilifurahi mpaka sindano ikanichoma. Ndiye fundi tuliye naye: nililirudia neno hilo njia nzima nikirudi chumbani kwangu. Tuliye naye.

Furaha hiyo ilidumu wiki tatu. Jumamosi moja nilipanda Mwika na michoro yangu imeviringishwa kwenye gazeti, nikafika kwa Mjomba Aloyce kamati ikiwa ndani. Nikaambiwa nisubiri jikoni. Sebule yake naiona mpaka leo: makochi yenye vitambaa vya kufuma, Moyo Mtakatifu ukutani, redio iliyofunikwa kitambaa kama kikombe cha komunyo, na wazee wanne wakipokezana kata ya mbege, pombe ya ndizi. Jiko lilikuwa limepakana na sebule kwa ukuta wa mbao. Nilisikia kila kitu bila kutega sikio. Walikuwa wanapanga daftari, kaunta buku kubwa jeusi, nyumba kwa nyumba. Mzee Damiani, ambaye ni binamu yake bibi kwa upande wa mume, akauliza: "Na huyu mtoto wa Yustina anaandikwa wapi?" Mjomba akasema, taratibu, kwamba mtoto huandikwa kwa baba yake. "Baba yake yupi?" akauliza Damiani. Mmoja akacheka, mwingine akakohoa, kata ikaendelea kuzunguka. Kisha nikasikia sauti ya mjomba: "Twende kwenye nyumba inayofuata." Nilikaa pale nimeshika gazeti langu. Kilichoniuma zaidi ni ule upesi wa kunipita kwenda nyumba inayofuata, kuliko swali la Damiani.

Nilipoitwa niliwaonyesha michoro, wakaisifu, wakasema simba anenepe. Sikulia mbele yao. Nikiwa na umri huu nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuitupa ile kazi. Jibu ni kwamba nilikuwa nimejiwekea mpango wa kitoto: nitadarizi nembo nzuri kiasi kwamba watakapoitazama Desemba wataona haya kuniacha nje ya daftari. Nilitaka jina langu katika lile kaunta buku kuliko nilivyotaka mume, nyumba au cherehani yangu mwenyewe. Basi niliporudi mjini nikaanza kudarizi simba.

Aliyemfukuza simba ni bibi. Jina lake Paulina, mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyojikunja kama mizizi ya kahawa na ulimi ulionyooka. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Alikuwa jikoni anapika kiburu cha ndizi na maharage, na mimi nimeketi kwenye kigoda namenya, kitambaa cha nembo nimekitundika juu ya mlango nikione kwa mbali. Alikitazama kwa muda mrefu. "Simba amefanya nini kwetu?" akauliza. "Ninayemjua mimi alikula mbuzi wa babu yako." Nikamwambia ni alama ya damu ya mangi. Bibi akacheka mpaka akakaa. Kisha akainuka, akatoa kwenye kopo lililokuwa juu ya dari bonge la magadi, la rangi ya majivu meupe, akavunja kipande akakidondosha chunguni ili maharage yalainike. Lile bonge lililobaki akaniwekea kiganjani. "Mangi wenu ndiye huyu," akasema.

Nitayaandika maneno yake nilivyoyashika. "Ulikuwa mwaka wa njaa. Mwanamke alipanda kutoka tambarare ana mzigo wa magadi kichwani na mtoto mgongoni. Mume hana. Kama alikufa au hakuwahi kuwepo, hakuna ajuaye, na waliomuuliza aliwajibu: magadi ninayo, mnataka, hamtaki? Mzee wa kihamba hiki, shamba hili la ukoo, hakuwa na mtoto. Mkewe akanunua magadi kwa ndizi. Mvua ikanyesha siku tatu, yule mama akalala jikoni. Siku ya nne hakuna aliyemwambia aondoke. Yule wa mgongoni ndiye aliyerithi kihamba. Huyo ndiye babu yenu wote, Damiani naye yumo." Nikamuuliza jina la yule mama. Bibi akachochea moto. "Limepotea. Aliendelea kushuka na kupanda na magadi mpaka miguu ikakataa. Wanaume walikuwa wanahesabu mafahali, majina ya wabeba magadi hawakuhesabu. Mimi niliambiwa na mama mkwe wangu jikoni humu humu, naye aliambiwa na mkwe wake. Mambo haya hayajawahi kufika sebuleni."

Nilibaki nimelishika lile bonge. Mtoto wa mgongoni, asiye na baba wa kuandikwa kwake. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akiomba maji mlango wa nyumba, kumbe ndani ni kwao. Nikamuuliza kama mjomba anajua. "Aloyce alikula kiburu jikoni kwangu mpaka alipoota ndevu," bibi akasema. "Anajua sana." Kisha tukala. Kiburu kile kilikuwa na moshi kidogo na chumvi imezidi, na sijala kitamu kuliko hicho.

Nilimfumua simba kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kazi ya majuma mawili. Nikaufumua mkuki. Mlima nao niliutoa, kwa sababu ulikuwa wa kila shule na kila baa. Nikaweka mgomba, mfereji na jembe, na robo ya nne nikaanza bonge la magadi. Nawaambieni, hakuna kitu kigumu kudarizi kama bonge la magadi. Halina umbo lake lenyewe. Nilitumia uzi mweupe, wa kijivu na wa maziwa, nikashona, nikafumua. Mama Felista alipita nyuma yangu, akasimama. "Ukoo wenu mnafuga kuku?" Nikaongeza kona. Akarudi jioni: "Sasa ni kiazi. Haba na haba, utafika." Mwezi wa kumi Mjomba Aloyce alikuja kukagua. Kuhusu simba alinung'unika, nikamdanganya kwamba nyuzi za manjano zimeadimika mjini. Kisha akaweka kidole kwenye robo ya nne: "Na hili?" Ulimi ukanigeuka. Nilikuwa na ukweli mdomoni, nikauogopa. "Jiwe la msingi, mjomba." Uso wake ukafunguka. Akasema hilo ni wazo la mtu aliyesoma. Nikajichukia mpaka Desemba.

Desemba walipanda wote, wa Dar, wa Arusha, wa Tarakea waliokuwa wanauza bidhaa mpakani, magari mpaka kwenye kahawa. Mama yangu naye alipanda kutoka Mabogini na nusu gunia la mchele mpya, akaingia moja kwa moja jikoni, ambako alizoea kukaa katika mikusanyiko ya kwao. Nembo ilitundikwa chini ya paa la baraza. Kamati ilikuwa imegombana miezi kumi juu ya maneno ya utepe, wengine hekima, wengine nguvu, mmoja akitaka Kilatini, basi utepe ukabaki mtupu. Mjomba akasimama na tai yake ya kijani. Akaeleza mgomba, makofi. Mfereji, makofi. Jembe, makofi. "Na hapa," akasema, "ni jiwe la msingi la ukoo wetu, ukoo wa mangi."

"Aloyce," akasema bibi kutoka kwenye kiti chake, bila kupaza sauti. "Hilo si jiwe."

Akasimama kwa fimbo yake, akayasema yote hadharani, mzigo, mvua, mtoto mgongoni, kama alivyoniambia, kwa Kichagga kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wakwe na watoto wa mjini. Mzee Damiani akamkatiza: "Mama, hayo ni mambo ya jikoni." Bibi akamgeukia. "Na wewe ulizaliwa wapi, uwanjani kwa mpira?" Watu wakaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Mjomba Aloyce hakuwa amecheka. Alikuwa ananitazama mimi. Aliponiacha akatazama mlango wa jiko, ambapo mama yangu alikuwa amesimama na khanga mdomoni. Nilidhani ataiteremsha nembo. "Nilisikia nikiwa mdogo," akasema hatimaye. "Nilitumaini mama amesahau." Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaenda migombani kwenye nyama.

Kwetu nyama ya ukoo haipakuliwi tu. Mbuzi huchinjwa migombani, vipande hupangwa juu ya majani ya mgomba, na mkubwa wa ukoo huita: nyumba ya fulani, mguu; nyumba ya fulani, mbavu; kidari kwa nani, shingo kwa nani. Anayeitwa huenda akapokea kwa mkono wake. Mimi tangu utoto nilikula nyama iliyopitia sahani ya bibi. Siku hiyo mjomba aliita nyumba zote mpaka majani yakabaki karibu matupu. Kisha akaita: "Anastazia." Sikujitikisa. Kwenye ukoo kulikuwa na akina Anastazia watatu. Akainua sauti. "Anastazia wa Yustina!" Nilienda. Kilikuwa kipande cha shingo, si kikubwa. Nilikipokea kwa mikono miwili na kusema haika, asante ya kwetu, na damu yake ikanichuruzika mpaka kwenye kiwiko cha gauni langu jipya. Mama alilifua gauni lile mara tatu, doa likagoma, na mimi sikujali.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Jioni ile niliomba kuona daftari. Jina langu lilikuwepo, chini ya jina la mama, kwa kalamu ya risasi. Mengine yote yalikuwa kwa wino. "Wajumbe bado wanazungumza," mjomba akasema, hakunitazama. "Kwa sasa iwe hivi." Nilipanda kwa bibi nikipiga teke kila jiwe. Nyama nimeitiwa mbele ya watu, lakini nyama huliwa ikaisha, daftari ndilo linalobaki. Bibi alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Wewe umeandikwa kwa risasi," akasema. "Mimi nimekaa kihamba hiki miaka sitini, nimewazalia sita. Kanitafutie jina langu humo." Sikuwa nimelifikiria hilo. Wake hawakuandikwa kabisa. Nililala karibu naye, na asubuhi nilishuka mjini kwenye beji zangu, na maisha yakaendelea. Nikapata cherehani yangu, kisha chumba, kisha wasichana sita wa kuwafundisha. Daftari sikuliomba tena. Nilikuwa na kiburi, na pia niliogopa kukuta jina langu limefutwa.

Kwa hiyo siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo ulipokaa kikao na Deo, mtoto mkubwa wa marehemu, akaleta lile kaunta buku jeusi mezani, moyo wangu ulidunda kama wa msichana. Wakanipa mimi nisome, kwa kuwa sasa ni mkubwa na nina miwani nzuri. Ukurasa wa kwanza, mstari uliotaja damu ya mangi ulikuwa umekatwa kwa rula, kikarani. Juu yake, kwa mwandiko wa mjomba: Mama yetu alipanda na magadi. Jina lake hatukulitunza. Nikafunua. Kwenye kila nyumba alikuwa amebana majina ya wake pembezoni, kwa herufi ndogo ndogo, na la kwanza kabisa lilikuwa la Paulina. Nikafika nyumba ya Yustina. Jina langu lilikuwa limepitiwa kwa wino juu ya ile risasi, herufi kwa herufi, kwa mkono uliokuwa tayari unatetemeka. Hakuwahi kuniambia. Nililia pale mezani, watu wakadhani ni msiba, na ulikuwa msiba pia.

Nilipojifuta nilimtuma Brayani jikoni alete bonge la magadi. Akalileta kiganjani, akaligeuza, akalipiga picha. "Shangazi, lakini kweli linafanana na kiazi." Nikamwambia aliache lifanane hivyo hivyo, na yale maneno ya Kiingereza ayaondoe, hatujakubaliana bado. Akaniambia dada yake ndiye aliyemwonyesha lilipo kopo. Dada yake ni Neema, ana miaka ishirini na mmoja, na tangu msiba uanze nilikuwa nimemwona jikoni tu, anaosha sufuria zisizokwisha, mtoto wa miezi minne mgongoni. Hakuna aliyemuuliza lolote. Walikuwa wamempita upesi kwenda nyumba inayofuata.

Deo akasafisha koo. Akasema kabla ya kufunga kikao kuna mtoto mmoja mchanga, na kwamba, kwa hali ilivyo, pengine kwa sasa iwe hivi. Akanisogezea kalamu ya risasi. Alifanya kwa upole, kama baba yake alivyofanya. Niliichukua, nikaiweka kando ya lile bonge la magadi. Nikafungua mkoba wangu nikatoa kalamu ya wino, nikaijaribu kwenye kiganja kuona kama inatoa.

"Neema!" nikaita kuelekea jikoni. "Acha sufuria. Njoo huku na mtoto. Anaitwa nani?"